Ndege Kwenye Theluji Inayodondoka: Jinsi ya Kupata Picha Kali

Kila baridi inapoingia, swali ni lile lile. Linatoka kwa wasomaji walioko Minneapolis, Toronto, Oslo na kwingineko ambako wasemaji wa Kiswahili wamejikuta wakiishi na theluji miezi kadhaa ya mwaka: "Nimenunua lenzi ndefu, ndege katulia tawini, theluji inadondoka vizuri, nimepiga picha chungu nzima, na zote zina ukungu. Kamera ni mbovu?"

Hapana, kamera yako ni nzima. Tatizo ni kwamba imewekewa vitu vingi mbele yake kwa wakati mmoja, na ndege ni kimojawapo tu. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa unafanya kazi moja: kuipunguzia kamera vya kuchagua, mpaka ibaki na ndege. Nimeupanga kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe hapa Minnesota, nikianza na jambo lenye faida kuliko yote, ambalo halihusu kitufe chochote.

## Kwanza jua ni ukungu wa aina gani

Kabla hujagusa menyu, fungua picha zako kwenye kompyuta, zikuze hadi asilimia 100, uone zimeharibika vipi. Wengi husema "fokasi imekataa" kwa kila kitu, kumbe magonjwa ni matano na kila moja lina dawa yake.

- Chembe za theluji zilizo mbele ya ndege ni kali, ndege mwenyewe amefifia. Fokasi imenaswa na theluji.
- Tawi, ndege na kila kitu kimeburutika upande mmoja. Mkono wako umetikisika.
- Tawi ni kali, kichwa cha ndege kimefifia. Ndege aligeuka wakati shata ikiwa wazi. Kasi ya shata ni ndogo.
- Hakuna kilicho kali popote, na kingo za manyoya zinaonekana kana kwamba zinachemka. Hiyo ni hewa ya joto, na hakuna mpangilio wa kamera utakaoiponya.
- Ndege yuko kwenye fokasi, ila picha nzima ina utando wa kijivu. Theluji ni nyingi mno kati yako na yeye, au kioo cha lenzi kimelowa.

Ukishajua ugonjwa, nusu ya kazi imekwisha. Nimeona watu wakiuza lenzi nzuri kwa sababu ya hewa iliyokuwa ikitoka kwenye hita ya gari lao.

## Sogea karibu, mipangilio baadaye

Hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Ndege aliye umbali wa mita 40 ana pazia la theluji la mita 40 mbele yake. Aliye mita 6 ana pazia la mita 6. Ni kama kumtafuta mtu mliyeahidiana kukutana naye sokoni Kariakoo: kadiri alivyo mbali, ndivyo watu wengi zaidi wanavyokatiza kati yenu. Hakuna lenzi, hata iwe ya bei gani, inayoondoa theluji iliyokwisha kuwa hewani.

Sisemi umfuate ndege kwa miguu. Chikadii mwenye kofia nyeusi, ndege mdogo anayeonekana karibu kila ua hapa wakati wa baridi, ana uzito wa gramu 11 hivi. Usiku hushusha joto la mwili wake ili akiba ya mafuta isimalizike kabla ya alfajiri, na saa za mchana ni chache. Kila unapomrusha, unamlipisha nguvu asiyokuwa nayo. Mfanye yeye ndiye aje.

Hivi ndivyo unavyoandaa mahali:

1. Tundika kilishio chenye mbegu nyeusi za alizeti. Chikadii, kadinali, vigogota na jei wa buluu wote wanazipenda. Ukiwa na dirisha kubwa karibu, kilishio kikae chini ya mita moja kutoka kwenye kioo au zaidi ya mita tisa, ili ndege wasijigonge wakiwa na kasi.
2. Simika tawi kavu lenye umbo zuri kama mita moja kutoka kwenye kilishio. Hapo ndipo utakapopiga picha. Picha ya ndege juu ya kilishio cha plastiki haimpendezi mtu yeyote.
3. Hakikisha nyuma ya tawi kuna kitu cheusi kilicho mbali: misonobari, ukuta wa mbao, kivuli. Theluji nyeupe haionekani mbele ya mbingu nyeupe, na fokasi nayo hufanya kazi vizuri zaidi ndege akitofautiana na kilicho nyuma yake.
4. Kaa mita 5 hadi 8 kutoka kwenye tawi. Angalia kwanza lenzi yako inaanza kuona kwa umbali gani. Sony 200-600 mm ikivutwa mpaka mwisho inaanzia mita 2.4, Nikon 200-500 mm inaanzia mita 2.2, kwa hiyo nafasi ipo.
5. Subiri siku kadhaa ndege wazoee kabla ya kutoka na kamera.

Tawi lile lina faida nyingine. Mtazame chikadii: anachukua mbegu moja tu, anaruka hadi tawini, anaibana kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha anaigonga kwa mdomo mpaka ganda lipasuke. Anagonga mara tatu nne, anainua kichwa kuangalia kama kuna hatari, anaendelea kugonga. Kile kitendo cha kuinua kichwa hakizidi nusu sekunde, lakini kinarudi tena na tena, mahali pale pale. Fokasi yako inakuwa tayari imeshakaa, wewe unasubiri kichwa tu. Kadinali yeye ni rahisi zaidi, kwani mdomo wake mnene unaponda mbegu akiwa amekaa, na anaweza kutulia muda mrefu. Huja sana mapema asubuhi na jioni giza linapoanza kuingia, kwa hiyo mwanga ndio utakaokusumbua kwake, wala si mwendo.

"Mimi sina ua, naishi ghorofani." Mbuga nyingi za miji na vituo vya mazingira vina vilishio vya umma wakati wa baridi. Ndege wa hapo wamezoea watu, na utawakaribia kuliko msituni.

## Chagua theluji yako

Si kila theluji ni sawa, na wanaoanza hawalijui hili. Halijoto ikiwa karibu na nyuzi 0, chembe hushikamana na kuanguka zikiwa mabonge makubwa yaliyolowa. Picha yake ni nzuri mno, lakini ndiyo theluji inayonasa fokasi kuliko zote, na inayeyuka juu ya kamera. Kukiwa na baridi kali, tuseme nyuzi 15 chini ya sifuri, theluji huwa laini na kavu. Unaipuliza tu inaondoka, na kamera inapenya katikati yake bila taabu. Kama unajifunza, anza na hiyo.

Kisha uangalie upepo. Ndege akikaa mahali pa wazi huelekeza uso upepo unakotoka, ili manyoya yasipeperuke na baridi kumwingia mwilini. Ukisimama upepo ukitokea mgongoni mwako, unapata mambo mawili kwa pamoja: ndege anakutazama, na theluji haipigi kioo cha lenzi. Ukisimama kinyume, utapiga picha za mikia huku ukifuta lenzi kila dakika.

## Mipangilio ya fokasi

Fanya haya ukiwa ndani, kwenye joto, vidole vikiwa bado vinasikia:

1. Fokasi ya kuendelea. Canon huiita Servo, Nikon na Sony huiita AF-C.
2. Eneo dogo. Acha ile hali inayotumia kioo kizima. Chagua nukta moja, au nukta moja inayosaidiwa na jirani zake wachache. Kamera ikiachiwa eneo kubwa huchagua kilicho karibu, na kilicho karibu ni theluji.
3. Punguza papara ya kamera. Kwenye menyu kuna kipimo cha kasi ambayo fokasi huhama kitu kingine kikikatiza mbele. Kwenye Canon kipeleke upande wa hasi, -2. Kwenye Nikon kipeleke 5. Kwenye Sony kipeleke 1. Namba zinapishana, maana ni ile ile: kamera ikishamshika ndege, isimwache kwa sababu ya chembe iliyopita.
4. Kizuizi cha umbali kwenye lenzi. Ni swichi ndogo ubavuni, na wengi hawajawahi kuigusa. Sony 200-600 inaweza kuambiwa isihangaike na chochote kilicho chini ya mita 10; Nikon 200-500, chini ya mita 6; Canon RF 100-500, chini ya mita 3. Ndege akiwa mbali kuliko kikomo hicho, theluji iliyo karibu na uso wako haimo tena kwenye hesabu. Lakini soma namba za lenzi yako vizuri: ukiweka kikomo cha mita 10 na ndege yuko mita 6, kamera haitamwona kabisa, nawe utadhani imeharibika. Sony hiyo ina pia upande wa pili, mita 2.4 hadi 10, na huo ndio wa kutumia uani.
5. Hamishia fokasi kwenye kidole gumba. Kitufe cha AF-ON kilicho nyuma kifanye fokasi. Kitufe cha juu kibaki na kazi ya kupiga tu.

Hatua ya tano ndiyo inayoleta mabadiliko makubwa. Unabonyeza kwa gumba, jicho la ndege linakaa sawa, unaliachia gumba. Kuanzia hapo lenzi haisogei hata theluji imwagike namna gani, na unapiga unavyotaka ilmradi ndege hajahama. Akihama, unabonyeza tena. Watu hulalamika kwamba gumba halizoei, hasa likiwa ndani ya glavu. Litazoea. Kaa sebuleni umevaa glavu zako, fanya mazoezi kwa kulenga kikombe kilicho rafuni mpaka vidole vijue vyenyewe.

### "Lakini kamera yangu inatambua jicho la ndege yenyewe"

Ni kweli, kamera za miaka ya karibuni zinatambua, na zinafanya vizuri ajabu theluji ikiwa nyepesi na ndege akiwa karibu. Zitumie. Ila theluji ikizidi, kile kisanduku kinachozunguka jicho huanza kurukaruka: sekunde moja kwenye jicho, inayofuata kwenye bonge la theluji, kisha kwenye kifundo cha tawi. Ukiona hivyo, usibishane nayo. Iwekee utambuzi huo ndani ya eneo dogo badala ya kioo kizima, au uuzime kabisa urudi kwenye nukta moja. Kamera nyingi zinakuruhusu kupanga kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima. Kipange kabla hujatoka.

### Lenga wapi hasa

Fokasi hukamata mahali ambapo rangi mbili zinakutana. Kifua cheupe hakina cha kukamatika, na kifua chenye theluji juu yake ndiyo kabisa. Weka nukta kwenye jicho. Jicho likiwa limezama katika manyoya meusi, kama la chikadii, weka pale kofia nyeusi inapokutana na shavu jeupe, kwa kuwa umbali wake ni karibu ule ule wa jicho.

## Theluji ikizidi, tumia mkono

Kuna siku fokasi ya otomatiki haiwezi, na hakuna aibu kuizima. Wapigapicha walipiga ndege miaka mingi bila hiyo. Kwa tawi lako la uani ni rahisi:

- Kamera iwe juu ya stendi ya miguu mitatu. Mkononi hutaweza.
- Kuza picha kwenye kioo cha nyuma, uzungushe pete mpaka magome ya tawi yaonekane punje kwa punje, mahali pale ndege anapopenda kukaa.
- Zima swichi ya AF kwenye lenzi. Bandika kipande cha utepe wa kunata juu ya pete ili glavu isiisogeze.
- Ndege akitua, piga mfululizo.

Jihadhari na ile rangi nyekundu au ya njano ambayo kamera nyingi huchora kuonyesha palipo na fokasi. Kwenye theluji inachora kila chembe, mpaka huoni ndege. Kukuza picha ndiyo njia ya kuaminika.

Ujue pia nafasi uliyo nayo. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa, lenzi ya mm 600 ikiwa f/6.3 na ndege yuko mita 10, kilicho kali ni kama sentimita 10 tu kutoka mbele hadi nyuma. Akiwa mita 5, ni chini ya sentimita 3. Hapo mdomo na mkia haviwezi kuwa kali pamoja isipokuwa ndege amekaa ubavu. Funga tundu hadi f/8 kama mwanga unatosha, na usubiri ageuke ubavu.

## Kasi ya shata, mwanga na ISO

Theluji ya kawaida huanguka kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde. Fanya hesabu: kwa 1/1000 ya sekunde chembe inasogea milimita moja, kwa hiyo inatoka kama nukta. Kwa 1/60 inasogea karibu milimita 17, na inatoka mstari. Mistari ina uzuri wake, lakini inahitaji ndege aliyetulia kabisa. Mimi ninapendelea nukta, kwa sababu zinamwachia ndege uso wake.

- Bundi aliyetulia: 1/250 hadi 1/500.
- Ndege wadogo tawini: 1/1000. Vichwa vyao havitulii.
- Ndege anayeruka: 1/2000 au zaidi.

Kupata kasi hizo chini ya mawingu mazito kunahitaji ISO 1600, 3200, hata 6400. Najua unaogopa chenga, zile punje zinazoonekana kwenye picha ISO ikipanda. Chenga hupunguzwa na programu dakika mbili tu. Jicho lililofifia halina programu ya kulirudisha. Pandisha.

Kisha ongeza mwanga. Kamera hudhani kila kitu duniani ni cha kijivu, na ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga. Theluji inatoka rangi ya simenti, ndege anatoka mweusi, na ukija kumwangazia kwenye kompyuta, chenga zinakula vinyweleo vyote vya manyoya. Picha inaonekana haina fokasi ingawa fokasi ilikuwa sahihi. Weka fidia ya mwanga +1, angalia histogramu, ongeza hadi +1.7 au +2 kama theluji imejaa pembe zote. Mlima wa histogramu uelekee kulia bila kugonga ukingo.

Piga mfululizo, picha 10 hadi 20 kwa wakati mmoja, hata kama ndege hatikisiki. Sababu yake si ndege. Ni kwamba katika sekunde moja chembe kadhaa zitapita mbele ya uso wake, na unahitaji ile picha moja ambayo jicho liko wazi.

Flashi iache nyumbani. Inamulika theluji iliyo karibu nawe kabla ya kitu kingine chochote.

## Hewa ya joto, adui asiyeonekana

Sehemu hii nairefusha kwa makusudi, maana ndiyo inayowatesa watu bila kujua. Hewa ya joto na hewa ya baridi zikikutana, mwanga hupinda ukipita kati yake. Ni jambo lile lile unaloliona juu ya lami wakati wa jua kali barabara ya Dodoma. Wakati wa baridi hulioni kwa macho, lakini lenzi ya mm 500 inalikuza. Picha inatoka laini, hakuna kilicho kali, na kila picha ya mfululizo imeharibika kivyake.

Linatokea wapi?

- Dirisha la gari. Unaendesha na hita, unamwona bundi, unashusha kioo, unapiga. Joto lote la gari linamwagika nje kupitia dirisha lile lile, mbele ya lenzi.
- Dirisha la nyumba, kwa sababu ile ile. Na ukipiga kupitia kioo kilichofungwa, vioo viwili vya dirisha la nchi za baridi vinaongeza ukungu wao, hasa ukipiga kwa pembe.
- Lenzi yenyewe. Imetoka kwenye chumba chenye nyuzi 21, iko nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Hewa iliyo ndani ya kofia ya lenzi (hood) inachemka polepole mbele ya kioo.
- Paa, boneti ya gari, lami iliyosafishwa theluji. Chochote chenye joto kilicho kati yako na ndege.

Dawa yake ni uvumilivu:

1. Toa kamera nje nusu saa kabla ya kuanza.
2. Garini zima hita mapema, shusha vioo vya pande zote mbili, subiri ndani na nje visawazike. Vaa kama mtu anayekwenda kusimama nje.
3. Nyumbani, piga kutoka gereji isiyo na hita au kibanda cha vifaa, mlango ukiwa wazi.
4. Ukiwa bado una mashaka, piga picha ya tawi lisilotikisika kwa stendi. Tawi nalo likitoka laini, acha kugusa menyu, hama mahali.

Na hapa tena, umbali mfupi unakuokoa.

## Ndege wa kuanzia

Kadinali dume. Mwekundu mbele ya msonobari mweusi wenye theluji, ndiye anayewafanya watu wanunue kamera. Jicho lake limekaa jirani na barakoa nyeusi. Weka nukta pale mdomo unapoingia kwenye barakoa. Wekundu wake huungua upesi, angalia histogramu ya rangi nyekundu peke yake.

Batamaji wakubwa weupe wa Monticello. Kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya Minneapolis, maji ya uvuguvugu kutoka kituo cha umeme wa nyuklia huzuia sehemu ya mto Mississippi isigande, na batamaji hao wenye mdomo mweusi hukusanyika hapo kwa mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Ni mweupe juu ya mweupe ndani ya mweupe. Kitu cha kukamata ni kimoja: mdomo mweusi unapokutana na uso. Siku ya baridi kali mto hutoa mvuke, na mvuke ni ile hewa ya joto niliyoieleza. Siku hiyo piga walio karibu na ukingo tu.

Bundi mkubwa wa kijivu. Wengi humfuata Sax-Zim Bog, bwawa la misitu kaskazini-magharibi ya Duluth. Ana uso mpana wa mviringo na macho ya njano, kwa hiyo fokasi humpata kwa urahisi; kinachosumbua ni vijiti vilivyo mbele yake. Sogea hatua moja kushoto au kulia mpaka uso uwe wazi kabisa, kabla ya kufikiria mpangilio wowote. Anawinda kwa masikio, anasikia panya aliye chini ya theluji. Akiwa ametulia huangalia chini na pembeni. Akianza kukukazia macho wewe, umemkaribia mno; rudi nyuma. Usimtupie panya ili aruke kuelekea kwako. Picha zinatoka, najua, lakini bundi anajifunza kufuata watu na magari kando ya barabara, na huko anakufa.

Chozi wa Mlima Kenya. Kwa wasomaji walio nyumbani Afrika Mashariki ambao wamekuwa wakiuliza kama haya yanawahusu: yanawahusu. Yule chozi wa kijani kinachong'aa mwenye vishungi vyekundu kifuani anaishi kwenye malobelia makubwa, juu kabisa karibu na miamba, na theluji na mvua ya mawe humkuta huko. Mawingu huwa yanapanda kabla ya adhuhuri, kwa hiyo manyunyu ya theluji huwa ya mchana na ni mafupi. Hurudi kwenye lobelia ile ile. Kaa chini, chagua moja, weka fokasi ya mkono kwenye ua, usubiri.

## "Je, ninunue lenzi nyingine?"

Bado. Lenzi ya 55-250 mm ikiwa mita 4 kutoka kwenye tawi lililoandaliwa vizuri itaishinda lenzi ya mm 600 iliyo kando ya barabara mita 50 kutoka kwa ndege. Ukiwa na fedha, nunua kwanza glavu zinazofunguka vidole, viatu vya baridi na betri ya akiba. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kubonyeza kitufe chochote nilichokutajia, na vikianza kuwa vyeupe huna budi kuingia ndani mara moja.

## Makosa madogo yanayogharimu

- Kupuliza kioo cha lenzi kwa pumzi. Pumzi inaganda. Tumia kipuliza cha mpira, kisha brashi laini.
- Kufuta theluji kwa mkono wa koti. Inayeyuka na kuwa utando.
- Kuacha kofia ya lenzi ndani ya mkoba. Ivishe daima, na lenzi ielekee chini unaposubiri.
- Kuacha betri ya akiba kwenye mkoba. Baridi huipunguzia nguvu. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ile inayoonekana imekwisha ukiipasha joto mara nyingi hurudi kidogo.
- Kufuta picha kwa kuangalia kioo kidogo cha nyuma, macho yakitoa machozi ya baridi. Subiri kompyuta.

## Kabla hujaingia ndani

Kamera iliyoganda ikiingia chumba chenye joto hulowa nje na, mbaya zaidi, ndani katikati ya vioo vya lenzi. Ukiwa bado nje, pukuta theluji yote, itie kamera ndani ya mfuko wa plastiki unaofunga vizuri, ubane hewa itoke, ufunge. Ingia nayo, iweke mbali na hita, uiache saa moja au mbili mpaka mfuko usiwe baridi ukiushika. Umande utakaa juu ya plastiki, si juu ya kamera. Na kwa kuwa najua hutaweza kusubiri saa mbili kuziona picha zako, toa kadi ya kumbukumbu kabla hujafunga mfuko.